Biblia Inatosha, Msomaji wa Peke Yake Hatoshi

Wakristo wa nchi zetu wakibishana, iwe ndani ya daladala, kwenye mkutano wa injili uwanjani au nje ya kanisa baada ya ibada, haichukui muda kabla mmoja hajasema: toa andiko. Mwenzake akilitoa, anasikilizwa. Akishindwa, hata kama anasema kweli, ameonekana kashindwa. Mimi ni Mlutheri, nimekulia katika kanisa lililoanza kwa dai hilo hilo, na leo naomba tulitazame bila haraka. Je, Maandiko Matakatifu peke yake yanatosha kwa imani ya Mkristo?

Jibu langu nalitoa mapema. Biblia inatosha. Lakini msomaji aliyejitenga na wenzake hatoshi, na maumivu mengi tunayoyaona makanisani yanatoka kwa watu waliochukua jambo la kwanza wakalitupa la pili.

Twende Ujerumani, mjini Leipzig, mwaka 1519. Martin Luther, mtawa na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Wittenberg, anajadiliana hadharani na mwanateolojia Johann Eck. Ugomvi umeanzia kwenye vyeti vya msamaha wa adhabu za dhambi, vilivyokuwa vikiuzwa kwa watu na sehemu ya fedha ikienda kujenga Kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma. Eck, mtu mwenye akili kali, haishii kwenye vyeti. Anamsogeza Luther taratibu hadi kwa Jan Hus, padri wa Bohemia aliyehukumiwa na Mtaguso wa Konstanz na kuchomwa moto mwaka 1415. Je, mtaguso ule ulikosea? Luther anakiri kwamba baadhi ya mafundisho ya Hus yalikuwa ya Kikristo kabisa, na kwamba mtaguso unaweza kukosea. Eck kapata alichokuwa akikitafuta. Papa akiweza kukosea, na mtaguso ukiweza kukosea, amebaki nani wa kukata shauri?

Miaka miwili baadaye, Aprili 1521, Luther alisimama mjini Worms mbele ya Kaizari Karolo wa Tano, kijana wa miaka 21. Vitabu vyake vilikuwa vimepangwa mezani, akaulizwa kama ni vyake na kama yuko tayari kuyakana yaliyomo. Aliomba siku moja ya kufikiri. Kesho yake akajibu kwamba asipoonyeshwa kosa lake kwa Maandiko au kwa hoja iliyo wazi, hawezi kukana kitu, kwa sababu mapapa na mitaguso wamekosea mara nyingi na wamepingana wao kwa wao.

Sikiliza vizuri alichokisema na ambacho hakukisema. Alisema Maandiko ndiyo hakimu wa mwisho, juu ya papa, juu ya mtaguso, na juu ya Luther mwenyewe. Hakusema kila mtu ajifungie chumbani na Biblia yake, atoke asubuhi na dini yake. Yeye mwenyewe alikuwa daktari wa Maandiko aliyesoma Mababa wa Kanisa, Agostino hasa, kwa miaka mingi.

Ushahidi mzuri kuliko wote ni jambo alilolifanya baada ya hapo. Mwaka 1522 alitoa Agano Jipya kwa Kijerumani. Watu wakawa na Maandiko katika lugha ya nyumbani kwao. Kisha, mwishoni mwa mwaka 1528, akazungukia sharika za Saksonia kuona hali ilivyo, na alichokikuta kilimtia uchungu. Wapo waliobatizwa na kushiriki sakramenti huku hawajui Sala ya Bwana, wala Imani ya Mitume, wala Amri Kumi, na baadhi ya wachungaji walikuwa karibu hawafai kufundisha. Basi yule aliyesema Maandiko peke yake aliketi akaandika kitabu kingine. Ni Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, ile ile ambayo vijana wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) bado wanaikariri wakijiandaa kwa kipaimara: Amri, Imani, Sala, Ubatizo, Sakramenti ya Altare, na baada ya kila kipengele mtoto anaulizwa maana yake. Tena alitaka baba mwenye nyumba aifundishe nyumbani kwake. Luther hakuona kwamba anaipunguza Biblia. Aliona kwamba mtu akipewa Maandiko bila mtu wa kumfundisha, ameachwa njiani.

Mwaka huo huo wa 1529, mwezi Oktoba, lilitokea jambo jingine ambalo Waprotestanti hatulisimulii vya kutosha. Katika ngome ya mtawala Philip wa Hesse, mjini Marburg, Luther alikutana na Huldrych Zwingli wa Zürich. Wote walikuwa wameachana na Roma. Wote walisema Maandiko ndiyo hakimu. Wote walikuwa wasomi wa Kigiriki. Shauri lilikuwa moja: katika Chakula cha Bwana, mwili wa Kristo upo kweli, au mkate ni ishara tu? Luther alichukua chaki akaandika mezani maneno ya Yesu aliyoyasema akiushika mkate, "huu ndio mwili wangu", akayafunika kwa kitambaa cha meza. Mjadala ulipofika mahali pa kudai ushahidi wa Maandiko, alikifunua kitambaa, akaonyesha: ndiyo hayo. Zwingli naye hakuwa mtupu. Alishika sura ya 6 ya Injili ya Yohana, akasema pia kwamba Kristo amepaa na ameketi mkono wa kuume wa Baba, basi mwili wake hauwezi kuwa kwenye kila altare. Waliandika vipengele 15, wakakubaliana 14. Kwenye hicho kimoja waliachana, na kila upande ukaondoka na andiko lake.

Watu wanaopinga imani ya Matengenezo huishia hapo na kusema: mnaona? Mimi naomba tuendelee kidogo. Mwaka 1973, kule Leuenberg nchini Uswisi, makanisa mengi ya Ulaya ya Kilutheri na ya Reformed, yaani warithi wa akina Zwingli, yalitia saini makubaliano ya kushirikiana altare na mimbari. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 440. Hapakuwa na aya mpya iliyochimbuliwa ardhini. Aya zilikuwa zile zile za Marburg. Kilichobadilika ni kwamba watu wa pande zote walikubali kuketi miaka kadhaa, kila mmoja akimsikiliza mwenzake anavyosoma, mpaka wakagundua kwamba waliyokuwa wakilaaniana kwayo hayakuwa tena yale ambayo jirani anayafundisha leo.

Sasa tuifungue Biblia yenyewe. Sisi tunaosema Maandiko yanatosha tuna aya tuipendayo, Waraka wa Pili kwa Timotheo sura ya 3, mahali Paulo anaposema Maandiko yana pumzi ya Mungu na yanamkamilisha mtu wa Mungu kwa kila kazi njema. Naipenda, na naiamini. Ila rudi aya mbili tatu nyuma. Kabla hajayataja Maandiko, Paulo anamwambia Timotheo ashike aliyojifunza, akikumbuka amejifunza kwa nani. Na hao ni nani? Wametajwa sura ya 1 ya waraka huo huo: bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Timotheo hakuokota gombo njiani. Alisomewa na bibi. Wapo wengi kati yenu, wasikilizaji wangu, walioisikia habari ya Yusufu na ndugu zake kwa bibi asiyejua kusoma hata herufi moja, ila anajua ilipo huruma ya Mungu katika kisa kile.

Yupo pia yule Mwethiopia katika Matendo ya Mitume sura ya 8, mtu mkubwa, mtunza hazina ya malkia, ndani ya gari lake na kitabu cha Isaya mkononi. Maandiko anayo, na anasoma kwa sauti. Filipo anamuuliza kama anaelewa, naye bila kuona haya anajibu kwamba hataweza pasipo mtu wa kumwongoza, kisha anamkaribisha apande aketi naye. Natamani wakubwa wa leo wangekuwa na unyenyekevu wa mtu yule.

Na swali gumu zaidi ni hili: nani aliyekwambia kwamba hivyo ndivyo vitabu vya Biblia? Hakuna ukurasa ndani ya Biblia wenye orodha yake. Vitabu 27 vya Agano Jipya, vivyo hivyo kama tulivyo navyo, vilitajwa katika barua ya Pasaka ya Athanasi, askofu wa Aleksandria nchini Misri, mwaka 367. Kabla ya hapo yalikuwepo makanisa yaliyosita juu ya Ufunuo, au Waebrania, au Waraka wa Pili wa Petro, na mengine yaliyosoma Mchungaji wa Herma ibadani. Luther mwenyewe katika chapa yake ya 1522 aliziweka Waebrania, Yakobo, Yuda na Ufunuo mwishoni, bila kuzipa namba kama vitabu vingine, kwa kuwa moyo wake haukutulia juu yake. Biblia ya Kiprotestanti ina vitabu 66, ya Kikatoliki 73, na Kanisa la Orthodox la Ethiopia linahesabu 81, kikiwemo kitabu cha Henoko, ambacho Waraka wa Yuda unakinukuu.

Mkatoliki atasema: basi Kanisa ndilo lililokupa Biblia, na Kanisa liko juu. Hapo ndipo ninapotofautiana naye, kwa heshima. Kanisa halikuvitunga vitabu hivyo wala halikuvipa mamlaka. Liliitambua sauti ya Bwana wake ndani yavyo, baada ya kuvisoma ibadani vizazi kadhaa. Lakini nakubali, tena bila kinyongo, kwamba kuitambua kulikuwa kazi ya watu wengi, mahali pengi, kwa muda mrefu. Hakuna mtu mmoja aliyekesha akavichagua. Kila Mprotestanti anayeshika Biblia yenye vitabu 27 vya Agano Jipya ameshika mkononi kazi ya Wakristo waliomtangulia, akubali asikubali.

Hapa karibu yetu tuna ushuhuda ambao kila ninapoufikiria unanifanya niseme polepole. Ni Buganda, mwaka 1886, Kabaka Mwanga alipoamuru vijana Wakristo wa ikulu yake wauawe. Wamisionari Waanglikana walikuwa wamefika mwaka 1877, Wakatoliki mwaka 1879, na mwaka 1882 mapadri Wakatoliki walilazimika kuondoka nchini wasirudi hadi 1885. Miaka ile yote ya katikati, waumini wao Wakatoliki walibaki peke yao, wakifundishana. Usiku kabla ya kuanza safari ya kwenda mautini, pale Munyonyo, Karoli Lwanga, kiongozi wao Mkatoliki, aliwabatiza kwa mkono wake vijana waliokuwa bado wakatekumeni, akiwemo Kizito, mtoto wa miaka kama 14. Tarehe 3 Juni walichomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana katika moto mmoja. Biblia nzima ya Kiganda ilipatikana mwaka 1896. Hesabu mwenyewe. Wale vijana walikufa miaka kumi kabla ya lugha yao kuwa na Biblia kamili.

Walikuwa na nini? Sala walizozikariri, mafundisho waliyoyapokea kwa mdomo, na kurasa chache tu za Injili kwa baadhi yao. Na imani yao ilitosha kuwafikisha mahali ambapo wengi wetu, tuliojaza Biblia kwenye rafu na kwenye simu, tusingefika. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba imani haiwezi kuwapo pasipo mtu mmoja na kitabu chake, nitamwonyesha Namugongo. Ila nitamwonyesha na jambo la pili. Mafundisho yale waliyopokea kwa mdomo yalikuwa habari ya Yesu aliyesulubiwa na kufufuka, habari ile ile ya Injili. Mdomo na kitabu vilisema neno moja. Pale mdomo unapoanza kusema neno jingine, tunahitaji kitabu cha kuukosoa. Hiyo ndiyo sababu bado nasimama na Luther.

Kwa kuwa mapokeo yanaweza kuharibika. Yesu aliwaambia Mafarisayo katika Marko sura ya 7 kwamba wameitangua amri ya Mungu kwa desturi yao: mtu anatangaza mali yake kuwa Korbani, wakfu kwa Mungu, na wazazi wake wanakosa msaada, halafu dini inasema ni sawa. Viongozi wa dini waligeuza uchaji kuwa njia ya kumkwepa mama mzee. Hapo nani atamtetea mama huyo, kama hakuna neno lililo juu ya viongozi?

Hata leo neno hilo linahitajika. Tarehe 1 Februari 2020 mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana uwanjani, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako yaliyomwagwa chini. Wengi walikuja na shida za kweli: ugonjwa, madeni, ndoa. Walikuwa wamesikia kwamba mafuta yatawafungua. Na mhubiri wa mafuta hakosi andiko. Atakupa Yakobo sura ya 5, na mafuta yamo kweli. Lakini soma sura nzima. Aliye mgonjwa amekaa kwake, na wazee wa kanisa ndio wanaoitwa waende. Ni wazee, zaidi ya mmoja. Wanamwombea, watu wanaungamiana dhambi. Hakuna anayekimbia, hakuna chupa yenye bei. Kisha soma Matendo sura ya 8, uone Petro alivyomjibu Simoni aliyetaka kununua karama ya Mungu kwa fedha. Mama aliyejua Maandiko hivi, hata kama hajasoma chuo cha Biblia, ana uwezo wa kumwambia anayejiita mtume na nabii: hapana, baba, si hivyo. Watu wa Beroya waliyachunguza Maandiko kila siku kuona kama mahubiri ya Paulo mwenyewe ni kweli, na Luka anawasifu kwa hilo. Kama Paulo alichunguzwa, hakuna mhubiri wa leo asiyechunguzika.

Lakini andiko moja moja halilindi mtu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ikiwemo ya watoto wengi. Walikuwa wameambiwa na mhubiri wao wafunge kula hadi wafe, wakutane na Yesu. Usidhani hawakuwa na Biblia. Walikuwa nayo, na kufunga kumo katika Biblia. Kilichokosekana ni sauti nyingine yoyote. Watoto walikuwa wametolewa shule. Hospitali ilikuwa imeitwa kazi ya shetani. Ndugu wa damu waliachwa mbali. Hapakuwa na mchungaji jirani wa kuuliza, wala sinodi, wala jumuiya, wala bibi wa kusema kwamba Mungu aliyemlisha Eliya jangwani hawezi kudai mtoto afe njaa. Msomaji mmoja alikuwa amebaki, na wengine wote wakawa wasikilizaji wake.

Ndiyo maana nasema msomaji wa peke yake hatoshi, hata akiwa mkweli wa moyo. Ario wa Aleksandria naye alikuwa na maandiko yake, alipofundisha kwamba Mwana aliumbwa. Mtaguso wa Nikea mwaka 325 ulimjibu kwa neno ambalo halimo katika Biblia, ukisema Mwana ni wa asili moja na Baba, na sisi Walutheri tunalikiri neno hilo tukiisema Imani ya Nikea, kwa sababu tunaamini ndilo linalolinda maana ya Biblia nzima dhidi ya aya zilizong'olewa mahali pake.

Tumekaribiana na Wakatoliki kuliko watu wengi wanavyojua. Mtaguso wa Trento, Aprili 1546, ulisema Maandiko na mapokeo ya mitume vipokewe kwa heshima sawa, na kwa karne nne huo ukawa ukuta kati yetu. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Novemba 1965, ulifundisha kwamba walimu wa Kanisa hawako juu ya Neno la Mungu bali wanalitumikia, ukawahimiza waamini wote wasome Maandiko. Leo katika jumuiya ndogondogo za Tanzania, Kenya na Uganda, Wakatoliki wanakaa sebuleni kwa jirani wakisoma Injili ya Jumapili inayokuja, na wapo wanaoijua kuliko sisi. Tarehe 31 Oktoba 1999, kule Augsburg, makanisa yetu mawili yalitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki kwa imani, jambo lililotutenganisha tangu mwanzo.

Tofauti iliyobaki ni hii. Mimi naamini Kanisa, lote, pamoja na viongozi wake, lazima liwe mahali ambapo Maandiko yanaweza kuliambia: umekosea. Mkatoliki ananiuliza: na ninyi Waprotestanti, nani kwenu anamwambia mtu umekosea? Mtu akigombana na mchungaji wake leo, kesho kapata turubai na kipaza sauti, keshokutwa ni askofu. Anahukumiwa na nani?

Swali lake ni la haki, na hatujalijibu. Nionavyo mimi, jibu lianzie kwetu wenyewe kabla serikali haijatuandikia sheria. Mtu anayetaka kuanzisha kanisa akubali kwanza mafundisho yake yasomwe na kuulizwa na wazee wa makanisa mengine ya eneo lake, mbele ya watu, Biblia ikiwa wazi mezani. Na washarika tuanze kumuuliza mchungaji wetu maswali mawili kabla hatujamfuata: andiko hili umelisoma pamoja na nani, na nani mwingine anaruhusiwa kukupinga?